Kitrekta cha nyasi: stata inafika katikati inagoma, na betri mpya nimeshanunua

Mtunza Stoo (Njombe)
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Kamwene wote, na wakubwa shikamooni.

Mimi si fundi. Ni mtunza stoo wa shule ya sekondari huku Njombe, barabara ya kwenda Songea. Kazi yangu ni leja, sabuni, mchele na funguo. Lakini kijana wetu wa kukata nyasi aliacha kazi Februari akaenda kulima parachichi, akaniachia ufunguo wa kitrekta "kwa wiki moja tu, dada". Wiki hiyo bado haijaisha.

Kitrekta chenyewe ni kile cha kukalia, kisu kiko chini ya tumbo. Injini ni ya petroli, silinda moja imelala kuelekea mbele, ubavuni pameandikwa nguvu za farasi 17.5. Kilikuja na kontena la wafadhili miaka mingi iliyopita, pamoja na vitanda na baiskeli zisizo na breki. Kitabu chake hakikuja.

Tatizo liko hivi. Nikikanyaga breki na kuzungusha ufunguo, stata inashika, injini inazunguka kama nusu mzunguko, inaguna, halafu inasimama kabisa. Nikiachia nikajaribu tena, mara nyingine inapita mara moja, inakwama palepale. Ni kama mtu anasukuma mlango na mwenzake ameushikilia kwa ndani.

Nilichotumia hadi leo, kutoka kwenye leja:

Betri mpya, 145,000. Hakuna kilichobadilika. Solenoidi (ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata), 35,000. Hakuna kilichobadilika. Stata kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa kaboni mpya, 40,000. Mezani kwa fundi ilizunguka hadi ikataka kuruka, ikarudishwa kwenye kitrekta, ikagoma palepale. Jumla 220,000, na nauli ya fundi sijaweka. Jana fundi huyohuyo amechuchumaa, ameitazama injini kama mgonjwa, amesema ringi za pistoni zimekwisha na injini imeshika kwa ndani, ifumuliwe yote, 600,000. Nikamuuliza amejuaje. Akasema uzoefu.

Mahafali ya kidato cha sita ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mvua haijakata. Uwanja wa mpira ni karibu eka mbili na nyasi zinagusa magoti. Mkuu wa shule anapita dirishani kwangu kila asubuhi, haulizi kitu, anatazama uwanja, anaenda zake. Afadhali angeuliza.

Naombeni msaada kabla sijaandika hati ya malipo ya hiyo laki sita.


Spana Kumi (Makambako)
Jumatatu, saa 2:47 usiku

Pole dada. Hivyo vimashine navijua, vina swichi za usalama kila kona. Moja chini ya kiti, moja kwenye breki, moja kwenye mtambo wa kisu. Moja ikifa, hakuna kuwaka. Dawa yake ni kukata nyaya zote hizo, unaunga moja kwa moja, unaweka kitufe cha stata cha pikipiki. Dakika 20 tu. Alhamisi nina safari ya Njombe, nitakufanyia kwa 30,000.

Na kama betri yako ni dhaifu, jampia kwenye Fuso la shule uone. Likishindwa Fuso ujue kweli injini imekufa.


Mzee wa Chai (Mwanjelwa, Mbeya)
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Marahaba binti yangu.

Kwanza nizime moto. Fuso ni volti 24, kitrekta ni volti 12. Ukijampia hapo utaunguza stata uliyoitengeneza, na betri yako inaweza kukupasukia usoni. Kama lazima kujampia, tumia Noah au gari lolote dogo la volti 12. Wewe hata hivyo huhitaji.

Pili, swichi. Kijana wa Makambako, fikiri kabla ya kushika koleo. Swichi ya usalama ni ndiyo au hapana. Ikikataa, ukizungusha ufunguo unapata kimya, stata haigusi kabisa. Umeshaona wapi swichi ya kiti inayoruhusu nusu mzunguko halafu inaghairi? Stata ya huyu dada inashika. Maana yake umeme umeshapita swichi zote, umepita fyuzi, umepita solenoidi, umefika. Kinachoizuia injini kiko ndani ya injini, au umeme unaofika ni mwembamba.

Nimefanya kazi karakana ya shamba la chai Rungwe miaka 26, mashine za nyasi za bustani na viwanja zilikuwa juu yangu. Naomba unipimie vitu vinne, na usinunue kitu.

Moja. Tafuta mita kwa fundi redio yeyote. Pima betri ikiwa imetulia. Nzima na imejaa inasoma 12.6 kwenda juu. Halafu mwenzako azungushe ufunguo wakati umeshikilia nyaya za mita. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri au viunganishi vina neno.

Mbili. Chomoa plagi. Kofia ya waya wa plagi iweke mbali na tundu la plagi, igusanishe na chuma cha injini, maana petroli ikiruka kwenye tundu na cheche ikawepo utaungua. Sasa piga stata. Niambie inazungukaje.

Tatu. Toa kijiti cha oili, nusa. Kama inanuka petroli, au imepanda juu ya alama ya kujaa, simama hapo. Kabureta inakuwa imevujisha petroli hadi ndani ya silinda, na pistoni haiwezi kubana maji. Hiyo nayo inagomesha stata hivyohivyo, na ukilazimisha unapinda chuma.

Nne. Niambie oili gani imewekwa na nani.


Lodji Kihesa (Iringa)
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Nafuatilia. Cha kwetu hapa Iringa mwaka juzi kiligoma kwa namna nyingine, niweke hapa kwa atakayekuja kusoma. Cha kwetu kilikuwa kinatoa "tatatatata" mfululizo, hakizunguki kabisa. Sauti hiyo mara nyingi ni njaa ya umeme: solenoidi inashika, umeme unaanguka, inaachia, inashika tena. Betri ilikuwa nzima. Waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye fremu chini ya betri, nati ilikuwa imelala kwenye kutu na rangi. Msasa, spana, imekwisha. Bosi hakuamini kwamba sikununua kitu, akadhani nimeficha risiti.

Kipimo nilichofundishwa: weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma tupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi kama nusu volti, ethi yako (njia ya hasi kupitia fremu na injini) ni mbovu.

Ila cha dada naona ni tofauti, chake kinazunguka kisha kinakwama mahali palepale. Mzee endelea.


Mtunza Stoo (Njombe)
Jumanne, saa 11:40 jioni

Mzee shikamoo tena. Nimefanya yote saa ya chakula cha mchana, mwalimu wa fizikia ameleta mita ya maabara na wanafunzi sita ambao sikuwaita.

Betri ikiwa imetulia 12.7. Wakati stata inagoma, 10.1. Nimepima na ile ya kaka wa Iringa, imesoma 0.2.

Plagi tumetoa. Hapo ndipo niliposhangaa, mzee. Injini imezunguka kama cherehani! Hadi upepo wa tundu la plagi umepeperusha karatasi ya mwanafunzi. Tumerudisha plagi, imegoma palepale.

Oili hainuki petroli, iko katikati ya alama mbili. Lakini ni nyeusi na nzito. Kwenye leja naona Novemba ilitolewa oili namba 40 "ya lori", sahihi ni ya kijana aliyeondoka. Sikuwa najua kuna tofauti. Mimi kwenye stoo oili ni oili.


Mzee wa Chai (Mwanjelwa, Mbeya)
Jumanne, saa 2:15 usiku

Sasa tumefika. Weka kalamu chini, laki sita haiandikwi.

Ringi zikiisha, injini inazunguka kirahisi kuliko kawaida, kwa sababu pumzi inavuja pembeni ya pistoni. Hiyo yako inabana mpaka stata inashindwa. Anayesema injini inayobana hivyo imekwisha ringi anakisia. Na injini iliyoshika kweli isingezunguka hata plagi ikiwa nje.

Sababu ni hii. Stata ya kitrekta ni ndogo na betri yake ni ndogo. Silinda ni moja, tena nene. Kama stata ingelazimika kushindana na kompresheni yote, yaani mbano wa pumzi ndani ya silinda, ingeshindwa kila asubuhi hata ikiwa mpya. Kwa hiyo kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua vali, wameweka kinundu kidogo. Injini ikizunguka polepole, wakati wa kuwasha, kinundu kinainua vali moja kidogo sana, pumzi kiasi inatoka, stata inapita. Injini ikishashika mwendo, kinundu kinajiondoa na kompresheni inarudi yote.

Sasa kinundu hicho ni kifupi mno. Vali zikikaa miaka bila kupangwa, tapeti zinalegea, nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma inazidi urefu wa kinundu. Kinanyanyuka kinapapasa hewa, vali haina habari. Stata inakutana na kompresheni yote, inaguna, inasimama. Watu wanabadili betri, wanabadili solenoidi, wanafumua stata, kwa mpangilio huohuo ulioufuata wewe. Nimeona hilo mara nyingi hata sikumbuki idadi. Mara ya kwanza nilibadilisha stata mbili mimi mwenyewe kabla mzee mmoja hajanionyesha, kwa hiyo fundi wako usimseme sana.

Kazi ya kupanga tapeti anaiweza fundi yeyote wa bodaboda mwenye fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Tena huyo wa Makambako ataifaa kazi hii, akiacha koleo nyumbani. Mpe maelekezo haya.

Injini iwe ya baridi. Plagi nje, waya wake mbali. Mbele ya silinda kuna kofia yenye bolti nne, ndani mtaona mikono miwili inayosukuma vali. Zungusha injini kwa mkono, kwenye feni ya juu, huku umechomeka kijiti cha ufagio kwenye tundu la plagi ili uhisi pistoni inakuja. Tafuta ile mara ambayo pistoni iko juu kabisa na vali zote mbili zimefungwa. Halafu, na hapa ndipo wengi wanakosea, endelea kuzungusha hadi pistoni ishuke kama milimita 6. Ukipima pistoni ikiwa juu kabisa, kile kinundu kinaweza kuwa kimeigusa vali na vipimo vitakudanganya.

Vali iliyo upande wa kabureta ni ya kuingiza, iliyo upande wa silensa ni ya kutoa. Kama kibao cha injini au kitabu kinasema namba zake, fuata hizo. Kwa injini nyingi za Kimarekani za umbo hilo, ya kuingiza ni kati ya milimita 0.08 na 0.13, ya kutoa ni 0.13 hadi 0.18. Legeza kiskurubu cha kufungia, geuza nati, fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza. Zungusha injini mizunguko miwili kamili, pima tena, maana ukikaza huwa inasogea.

Ukikuta nafasi ni kubwa kupindukia upande mmoja tu, chomoa ile fito inayosukuma vali, uiviringishe juu ya kioo. Ikirukaruka imepinda.

Na mwaga hiyo oili ya lori. Kwa baridi ya Njombe weka 10W-30. Haifiki lita moja na nusu, weka kidogokidogo ukitazama kijiti.


Spana Kumi (Makambako)
Jumanne, saa 2:31 usiku

Mzee nimekubali. Hiyo ya kinundu sikuijua, kwenye bodaboda tapeti tunapanga kila siku lakini hatukutani na shida hiyo. Fila ninayo. Dada, Alhamisi saa nne niko hapo. Bei ileile.


Mtunza Stoo (Njombe)
Alhamisi, saa 12:50 jioni

Taarifa.

Kijana wa Makambako amefika saa tano na nusu badala ya saa nne, kanyeshewa njia nzima, nikampa chai kwanza. Kofia ya vali ilikuwa imeganda kama kifuniko cha chungu cha ugimbi, tukaigonga kwa mpini wa nyundo. Vipimo, mzee: ya kuingiza 0.40. Ya kutoa 0.35. Kijana alipima mara tatu akidhani fila yake ina makosa. Fito tumeziviringisha kwenye kioo cha meza ya mkuu wa shule (hakuwepo), zimenyooka zote.

Amepanga 0.10 na 0.15. Tumebadili oili. Gaskiti ya kofia ilichanika wakati wa kufungua, akakata nyingine kwa karatasi ya gaskiti, 5,000, nimeandika.

Nimekaa kwenye kiti, nimekanyaga breki, nimezungusha ufunguo. Stata IMEPITA. Imezunguka mfululizo bila kugoma hata mara moja, na mpishi amepiga vigelegele akidhani imewaka.

Haikuwaka. Inazunguka vizuri, haishiki. Mara mbili imekohoa moshi kidogo, basi. Cheche ipo, kijana ameiona plagi ikiwa nje, na alisimama mbali na tundu. Petroli ipo tangu Desemba. Giza limetukuta, kijana amelala kwa shangazi yake mjini.


Mama Mbao (Mafinga)
Alhamisi, saa 1:22 usiku

Umejijibu mwenyewe hapo mwisho, mwenzangu. Petroli ya Desemba! Hiyo imechacha. Petroli ikikaa miezi kwenye kabureta, ile nyepesi yake inaruka, inabaki gundi, na gundi inakaa kwenye tundu dogo ambalo hata sindano haiingii vizuri. Mimi nina mashine ya nyasi kwa ajili ya nyumba za wageni, na nilijifunza kwa machozi.

Fanyeni hivi. Kabla ya kufungua chochote, fungua ufunguo bila kupiga stata, usikilize chini ya kabureta. Kwenye bakuli lake kwa chini, injini nyingi hizi zina kikopo chenye waya. Kazi yake ni kuziba petroli ukizima. Ukifungua ufunguo lazima kigonge, "tik". Kisipogonga, angalia waya wake kwanza, panya wanaupenda.

Kikigonga, shida ni uchafu. Fungeni petroli, fungueni bakuli, mwage yote. Tundu kuu la katikati lizibueni kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Msitumie sindano wala waya wa chuma, tundu likipanuka hata kidogo mashine itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi milele. Chujio la petroli badilisheni, mshale uelekee kabureta. Na mfuniko wa tangi una katundu ka kupumulia, tope likikaziba injini inakata baada ya dakika kumi.

Jambo jingine. Nyasi za magotini usizikate kwa mpigo mmoja. Huku juu hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Njombe mko kwenye mita 2,000 hivi, kwa hiyo farasi zako 17.5 ukizihesabu vizuri ni kama 14. Wengine wamebaki baharini. Nyanyua kisu hadi juu kabisa, kata nusu ya upana, rudia siku ya pili chini zaidi. Na zikiwa na umande acha, zitaganda chini ya bati linalofunika kisu.


Mtunza Stoo (Njombe)
Ijumaa, saa 7:15 mchana

IMEWAKA. Saa nne na dakika tano asubuhi.

"Tik" ilikuwepo. Bakuli la kabureta lilikuwa na kitu kama asali iliyokaa, cha kijani, kinanuka rangi. Uzi wa shaba tumeutoa kwenye waya wa pasi iliyokufa. Petroli mpya lita 3. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Mzee, nilitamani uisikie.

Sasa naona haya kuandika hili. Ikiwa nimekanyaga breki, inanguruma vizuri. Nikiachia breki niondoke, inazima. Mara nne. Kijana akikaa yeye, inaondoka bila neno! Amekizungusha hadi jikoni na kurudi. Nikikaa mimi, nikiachia breki tu, kimya. Wanafunzi wanasema kitrekta kinajua mwenye leja.

Kijana anasema turudi kwenye wazo lake la koleo.


Mzee wa Chai (Mwanjelwa, Mbeya)
Ijumaa, saa 7:40 mchana

Una kilo ngapi?


Mtunza Stoo (Njombe)
Ijumaa, saa 7:52 mchana

Mzee! 51. Kijana anazo 70 na kitu. Aliyeondoka alikuwa 90 na ushee.


Mzee wa Chai (Mwanjelwa, Mbeya)
Ijumaa, saa 8:30 mchana

Ndiyo swichi ya kiti hiyo, na safari hii ni swichi kweli. Kiti hakishuki vya kutosha chini ya uzito wako, kwa hiyo mashine inaamini hakuna mtu. Ukiwa umekanyaga breki inavumilia, ukiachia inazima, ndivyo ilivyopangwa.

Kijana, weka koleo mfukoni, nikwambie kitu. Pale shambani kulikuwa na moja lililoungwa nyaya za kiti, sikuliunga mimi lakini nililiona na sikusema. Dereva alikuwa anakata kwenye mteremko, gurudumu likapanda kisiki, akaanguka upande wa juu. Bahati yake upande wa juu. Mashine ikaendelea peke yake, kisu kinazunguka, mita arobaini hivi, ikaenda kugonga mgravilia karibu na walipokuwa wamekaa wachumaji wanakula. Hakuna aliyeumia. Sikulala siku tatu. Na hapo shuleni kwenu kuna watoto wanaokimbilia kila kinachonguruma.

Inua kiti, tazama chini yake. Utakuta springi na swichi yenye kibonyezo. Kuna kitu kinazuia kiti kushuka: kutu, tope, kiota cha panya, au springi imekazwa kwa mtu mzito. Ondoa hicho.


Spana Kumi (Makambako)
Ijumaa, saa 9:48 alasiri

Mzee, sikuwahi kufikiria upande huo. Nimewaungia watu wawili huku Makambako, kesho napita nikawarudishie.

Tumefungua kiti. Yule jamaa alichomeka vipande viwili vya mpira wa tairi kati ya kiti na fremu, nadhani kisimpige mgongo. Kwa kilo 90 vinabonyea, kwa kilo 51 ni kama jiwe. Tumevitoa. Dada amekaa, ameachia breki, ameondoka. Hajarudi bado, yuko goli la juu anakata.


Mtunza Stoo (Njombe)
Jumapili, saa 3:05 usiku

Uwanja umekwisha. Jana nilikata kisu kikiwa juu, leo baada ya ibada nimerudia chini, nusu upana kama alivyosema Mama Mbao. Kwenye kona ya mashariki nilikata pia kamba ya nyavu ya goli, hiyo nitaieleza kwa mwalimu wa michezo mwenyewe. Mgongo unaniuma, vile vipande vya tairi nimeanza kuvielewa.

Hesabu ya safari ya pili: ufundi 30,000, gaskiti 5,000, oili 24,000, chujio 4,000, petroli lita 3. Mkuu wa shule leo amesimama dirishani, akasema "naona". Kwake hiyo ni hotuba.

Mzee, solenoidi ya zamani fundi aliondoka nayo, nitaidai kesho kwa maandishi. Mama Mbao, nyumba zako za wageni zikihitaji maharage ya Njombe niambie.


Lodji Kihesa (Iringa)
Jumapili, saa 3:20 usiku

Hongera dada. Sasa ile betri ya kwanza kumbe ilikuwa nzima, si ndiyo? Mnaiuza?


Mtunza Stoo (Njombe)
Jumapili, saa 3:26 usiku

Nimeipima kwa mita ya maabara, 12.5. Haiuzwi kaka. Imeshaingia leja upande wa ulinzi, iko getini kwa babu inawasha taa na redio.